Komeo la jeni: shajara ya kijitabu cha kiwewe

12 Januari

Leo tumeanza rasmi. Kazi ni kijitabu cha kurasa 32, kwa Kiswahili, kitakachowaeleza washauri nasaha yale ambayo panya wa maabara wametufundisha kuhusu kiwewe na jeni. Watakaokitumia ni wauguzi na wahudumu wa afya wanaoshinda na wakimbizi hapa Kasulu, mkoani Kigoma. Wengi wao biolojia waliiacha kidato cha nne.

Tuko wawili. Mwenzangu ni mshauri nasaha wa miaka mingi. Namwita dada, naye ananiita mwalimu, kwa kuwa nafundisha biolojia. Kabla ya kufundisha nilikaa miaka miwili kwenye maabara ya chuo nikipima umethilishaji wa DNA katika ubongo wa panya. Yeye analeta maswali ya watu, mimi naleta ya maabara.

Naandika hapa chanzo cha kazi hii ili nisikisahau siku nitakapochoka. Mama mmoja kutoka Kongo alisikia redioni kwamba kiwewe cha mzazi huandikwa kwenye jeni za mtoto. Mimba ya mwanawe aliibeba njiani, akikimbia. Akaenda kwa dada akamwuliza, "Kwa hiyo mwanangu nimemlaani mwenyewe?" Dada alikosa jibu. Usiku huohuo akanipigia simu.

15 Januari

Siku tatu zimekwenda na neno moja. Tendo lenyewe, umethilishaji, ni dogo: kikundi cha methili, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu, kinabandikwa kwenye C, mojawapo ya herufi nne za DNA, hasa pale C inapofuatwa na G. Mpangilio wa herufi haubadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni kama jeni itasomwa sana, kidogo, au isisomwe kabisa. Elimu ya mambo haya huitwa epijenetiki, jina lililobuniwa na Conrad Waddington mwaka 1942, kabla watu hawajaijua sura ya DNA.

Tukiite nini kikundi hicho? Nilianza na "doa". Dada akalikataa papo hapo, doa ni aibu. "Kovu" ndilo neno la magazeti, nami silitaki kwa sababu kovu haliondoki. "Chale" ilinivutia siku nzima: huchanjwa na mtu mwingine juu ya mwili wa mtoto, na mtoto hakuulizwa. Lakini chale nayo huzikwa na mwenyewe. "Alama" haina ubaya wowote, ila dada akasema, "Mwalimu, alama imekaa tu. Watauliza inafanya kazi gani."

Tumefika kwenye "komeo", lile la mlango wa mbao, la kutelezesha. Likifungwa mgeni haingii, likifunguliwa anaingia, na nyumba ni ileile. Mtu mwenye komeo lililokaza hana nyumba iliyolaaniwa. Neno hili litabeba kijitabu kizima, kwa hiyo kila ukurasa nitakaoandika nitalijaribu tena.

Kwa histoni sikupata taabu. DNA ya seli moja ya binadamu ikinyoshwa inafika kama mita 2, nayo imo ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Inatosha kwa sababu imezungushwa: protini nane za histoni hukaa pamoja kama bobini ya cherehani, na uzi wa jozi 147 za herufi huizunguka karibu mara mbili. Seli ikibandika asetili, kikundi kingine kidogo cha kemikali, kwenye mikia ya histoni, uzi hulegea na jeni husomeka. Vimeng'enya vingine huibandua asetili, uzi ukakaza. Kila fundi wa hapa sokoni ataelewa uzi uliokaza kwenye bobini.

22 Januari

Sura ya Montreal imekamilika, kurasa tano, na sitaki kupunguza hata moja.

Katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, Kanada, Michael Meaney na wenzake walikuwa wakiwatazama panya mama kwa miaka. Waliona jambo ambalo kila mfugaji anaweza kuliona akikaa kimya: mama hawafanani. Wapo wanaowalamba watoto wao sana na kuupinda mgongo wanaponyonyesha ili watoto wapate nafasi, na wapo wanaolamba kidogo. Wote ni panya wazima, wote wanalisha. Lakini watoto wa walambaji wadogo wakikua, wakipata mshtuko, homoni yao ya msongo hupanda sana na huchelewa kushuka.

Homoni hiyo hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Kwa panya ni kotikosteroni, kwetu ni kotisoli. Ndani ya ubongo, sehemu iitwayo hipokampasi ina vipokezi vya homoni hiyo, na vikiipokea huwa kama mzee wa kikao anayesema "yametosha", na tezi hutulizwa. Vipokezi vikiwa vichache, sauti ya mzee haisikiki na kikao hakiishi. Jeni inayotengeneza vipokezi hivyo inaitwa Nr3c1.

Mwaka 2004 Ian Weaver, Meaney na Moshe Szyf walichapisha walichokikuta kwenye mlango wa jeni hiyo. Kuna protini iitwayo NGFI-A, ndiyo mgeni anayepaswa kuingia ili jeni isomwe. Pale pale anapokanyaga pana herufi C moja. Kwa panya waliolambwa kidogo, C hiyo ilikuwa na methili karibu kila mara. Kwa waliolambwa sana, mara chache. Komeo limekaa hasa mahali pa kuzuia mgeni.

Halafu wakafanya jambo ambalo hakuna mtafiti anayeweza kulifanya kwa binadamu, na kwa sababu ya jambo hili naamini panya wanastahili nafasi yao kwenye kijitabu. Walibadilishana watoto. Aliyezaliwa na mama asiyelamba akapewa mlambaji mara tu baada ya kuzaliwa, na kinyume chake. Komeo likafuata mlezi, halikumfuata mzazi.

Kwetu mtu akisema "ni damu yao hiyo" amemaliza mazungumzo. Jaribio hili linayafungua upya. Nimeandika pembeni mwa ukurasa, kwa wino mwekundu: waeleze hili taratibu, wape muda wa kuuliza.

23 Januari

Usiku nimeisoma tena ile makala ya 2004 na nimegundua nilikuwa nimeipita sehemu yake bora.

Walipima pia kwa siku. Siku moja kabla ya kuzaliwa, eneo hilo la jeni halikuwa na methili kwa watoto wa kundi lolote. Siku moja baada ya kuzaliwa, methili ilikuwepo kwa wote, wa mlambaji na wa asiyelamba. Tofauti ilitokea kati ya siku ya kwanza na ya sita, nayo ilitokea kwa kuondolewa: kwa waliolambwa sana, C ile iliachiliwa.

Maana yake ni kwamba nilikuwa naieleza kinyume. Rasimu yangu ilisema mama asiyelamba "huweka" komeo. Haweki. Kila mtoto hupata komeo lake akiingia duniani, na ulimi wa mama hulisogeza. Kulambwa huamsha kemikali iitwayo serotonini ndani ya ubongo wa mtoto, serotonini huiongeza NGFI-A, na mgeni huyo akija na wenzake wa kubandika asetili, komeo hulegezwa. Nimefuta aya mbili na kuziandika upya. Dada amezisoma kwa simu akanyamaza kidogo, kisha akasema hiyo ndiyo aliyokuwa anaisubiri.

30 Januari

Malazi. Wiki nzima nimekuwa nikiyafikiria malazi.

Hofu yangu ni kwamba msomaji atatoka Montreal akisema: basi kosa ni la mama. Nilikuwa nafahamu majaribio mawili yanayojibu hofu hiyo, nayo nimeyapa kurasa nne.

La kwanza ni la Tallie Baram na wenzake, California, mjini Irvine. Kuanzia siku ya 2 hadi ya 9 ya umri wa watoto, panya mama huwekwa kwenye sakafu ya wavu na kupewa kipande kidogo tu cha malazi, kisichotosha kujenga kiota. Hapigwi, hanyimwi chakula. Na mama huyo hawatelekezi watoto. Anarudi kwao, anawanyonyesha, anawalamba, ila vipande vipande: anaanza, anaondoka, anarudi, anaanza kingine. Ukijumlisha muda, malezi ni karibu yaleyale. Kilichopotea ni utulivu, mtoto hawezi kujua kinachofuata. Watoto hao wakikua, kumbukumbu zao na namna wanavyobeba msongo huathirika.

La pili ni la Tania Roth na David Sweatt, huko Birmingham, Alabama, mwaka 2009. Kila siku kwa dakika 30, wiki ya kwanza ya maisha, watoto walipelekwa kwa mama aliyewekwa mahali pageni, bila muda wa kupazoea, na malazi machache. Panya hao waliwakanyaga watoto, wakawaburuta, wakawadondosha. Kundi jingine la watoto lilipelekwa kwa mama aliyepazoea na mwenye malazi tele, huyo aliwatunza. Baadaye, kwenye gamba la mbele la ubongo wa waliotendewa vibaya, jeni ya Bdnf ilikuwa na methili nyingi na ilisomwa kidogo. Bdnf hutengeneza protini inayolisha seli za neva na miunganiko yao ya kujifunza.

Sasa angalia: aliyeburuta watoto hakuwa panya wa tabia mbaya. Alinyimwa mahali pa kujikunyata. Naandika haya nikikumbuka mama aliyefika hapa na watoto wanne na blanketi moja. Watafiti walipotaka kutengeneza mama mkali, hawakutafuta ukoo wa panya wakali. Walitoa malazi.

Nilitaka kuishia hapo, ila haitakuwa haki. Mabinti waliotendewa vibaya katika jaribio la Alabama walipozaa, nao waliwatendea vibaya watoto wao, na watoto hao walionyesha methili nyingi kwenye Bdnf. Walipojaribu kuwabadilisha walezi, methili haikushuka yote. Kwa hiyo Montreal na Alabama hazikubaliani kikamilifu, na kijitabu kitalisema hilo waziwazi kwenye ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule. Huenda mimba ya mama aliyeumizwa ilikuwa na shida yake tangu mwanzo. Msomaji anayebembelezwa leo ataacha kutuamini kesho.

4 Februari

Dada ameuliza swali la msingi: panya anapataje kiwewe, na mtafiti anajuaje kuwa panya amekipata? Ugonjwa wenyewe uliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980 tu, na nusu ya dalili zake mgonjwa husimulia kwa mdomo. Panya hasimulii ndoto.

Nimejibu kwa ukurasa mmoja. Njia mojawapo ni paka, au harufu yake tu. Hagit Cohen wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion huwaweka panya dakika 10 juu ya mchanga uliotumiwa na paka, kisha huwaacha wiki moja. Baada ya hapo huwapima kwenye njia panda iliyoinuliwa juu ya sakafu, yenye mikono miwili ya kuta na miwili isiyo na kuta. Panya mwenye hofu hujibanza kwenye kuta. Hupimwa pia namna wanavyoshtuka kwa kelele. Jambo muhimu ni kwamba si wote wanaoumwa. Karibu robo ndio hubaki na hofu kali kwenye vipimo vyote viwili, wengine hurudia hali yao. Zamani watafiti walichanganya wote wakatafuta wastani, na wastani huo ulificha robo ile. Dada anasema hata kwenye kikundi chake cha Jumatano ni vivyo hivyo, watu wametoka kijiji kimoja usiku mmoja, na si wote wanaoshtuka mlango ukigonga.

Nimeongeza pia Roth na David Diamond, 2011: panya wakubwa walioonyeshwa paka mara mbili na kubadilishiwa wenzao wa kizimba kila siku kwa mwezi mzima. Methili kwenye Bdnf iliongezeka sehemu moja ya hipokampasi. Komeo basi si la utotoni peke yake.

9 Februari

Fupi leo, umeme umekatika mara tatu.

Komeo linaweza pia kulegea pasipotakiwa. Munich, Taasisi ya Max Planck ya Saikayatria, 2009: Chris Murgatroyd na Dietmar Spengler waliwatenga watoto wa panya na mama yao kwa muda wa saa 3 kila siku, siku 10 za mwanzo. Kwenye sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, jeni ya homoni iitwayo vasopresini ilipoteza methili, homoni ikatoka kwa wingi, na kengele ya msongo ikawa juu. Walipopima panya wakiwa na umri wa mwaka mmoja, hali ilikuwa bado hivyo. Israel, Taasisi ya Weizmann, 2010: Evan Elliott na Alon Chen waliona jambo kama hilo kwenye jeni ya Crf, nayo ya homoni ya msongo, kwa panya wa aina ndogo walioshindwa mapigano siku kwa siku, na tena kwa wale tu walioathirika; wastahimilivu hawakuwa nalo.

Kwa hiyo sentensi ya "methili nyingi ni mbaya" haitaingia popote. Inategemea mlango upi.

14 Februari

Sura ya vipimo. Dada aliona haihitajiki. Nimemwomba aniachie kurasa mbili, kwa kuwa bila hizo msomaji hana njia ya kupima anachosikia redioni.

Kipimo cha kawaida hutumia chumvi ya bisulfaiti. C isiyo na methili hugeuzwa na mwisho wa safari husomeka kama T. C yenye methili hubaki C. Unalinganisha, unahesabu. Lakini kugeuza kusipokamilika, C za kawaida hubaki C na mtafiti huona methili ambayo haipo. Lilinipata mimi mwenyewe. Wiki mbili kwenye ile maabara nilifurahia matokeo makubwa kwenye sampuli za panya waliosumbuliwa, hadi nilipoweka DNA ambayo nilijua haina methili kabisa, nayo ikasoma ina methili. Chupa ya kemikali ilikuwa imekaa wazi muda mrefu. Nilitupa sampuli zote, na pamoja nazo panya 24 waliokufa bure. Siku hiyo sijaisahau. Russell na Burch waliandika mwaka 1959 kwamba anayetumia wanyama lazima atafute njia mbadala, apunguze idadi yao na alainishe mateso yao. Mimi nilijifunza kwamba kupunguza huanza na chupa iliyofungwa vizuri.

Mambo mengine mawili nimeyaandika kwa kifupi. Bisulfaiti haitofautishi methili na ndugu yake aitwaye haidroksimethili, ambaye ubongoni yupo kwa wingi na kazi yake ni nyingine. Na kipande cha ubongo kina neva pamoja na seli nyingine nyingi, kila aina na makomeo yake. Uwiano wa seli ukibadilika, hesabu hubadilika bila komeo lolote kuguswa.

20 Februari

Kurithi. Nimeiahirisha sura hii tangu Januari, leo imeandikwa.

Jaribio lililovuma zaidi ni la Brian Dias na Kerry Ressler, Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, lililotoka mwishoni mwa 2013. Panya dume alifundishwa kuogopa harufu ya asetofenoni, kama maua ya mcheri, kwa kuiambatanisha na shoti ya umeme. Watoto na wajukuu wake, ambao hawakuwahi kuinusa, walishtuka zaidi kwa harufu hiyo. Hata wale waliopatikana kwa kurutubisha mayai nje ya mwili. Kwenye mbegu za kiume, jeni ya kipokezi cha harufu hiyo ilikuwa na methili pungufu.

Mwaka 2014 Gregory Francis alihesabu akaonyesha kwamba, kwa idadi ndogo ya panya waliotumika, kufaulu kwa jaribio baada ya jaribio mfululizo namna ile kunatia shaka. Nami nina swali la kibiolojia. Methili nyingi hufutwa mara mbili: mbegu na mayai yanapotengenezwa, na baada ya mimba kutungwa. Kitu kingepitaje? Kundi la Isabelle Mansuy huko Zurich limeonyesha kwamba RNA, molekuli ndugu za DNA, kutoka kwenye mbegu za madume walioteswa utotoni, zikidungwa kwenye yai lililorutubishwa, huzaa baadhi ya tabia zilezile. Njia basi inaweza kuwepo, kwa panya. Uamuzi wangu: aya moja, chini ya kichwa cha "Yanayoendelea kuchunguzwa". Redio imeshaipa zaidi ya haki yake.

Karibu zaidi na sisi kuna tafiti mbili za watu. Connie Mulligan na wenzake walikwenda Goma, wakapima mama 25 na watoto wao wachanga, wakachapisha mwaka 2012. Kadiri mama alivyopitia mateso ya vita, ndivyo methili ilivyokuwa nyingi kwenye NR3C1 katika damu ya kitovu cha mtoto, na uzito wa mtoto ulikuwa mdogo. Nader Perroud na wenzake, wakiwemo Wanyarwanda, walichapisha mwaka 2014 kuhusu wanawake 25 waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi na kuyapitia, pamoja na watoto wao, wakiwalinganisha na 25 waliokuwa wajawazito wakati huohuo lakini hawakuwa humo. Hapo pia methili kwenye NR3C1 ilikuwa zaidi, kwa mama na kwa mtoto.

Ni jeni ileile ya Montreal, na inatia moyo kuona mnyama na mtu wakielekea upande mmoja. Lakini ni damu, si ubongo, na ni watu wachache. La muhimu kuliko yote: mtoto aliye tumboni hakurithi vita. Alikuwepo. Homoni za mama zilimfikia kupitia kondo la nyuma, siku zilezile, njaa ileile. Nimeiandika sentensi hiyo fupi vilevile, "Hakurithi, alikuwepo", na dada ameomba iwekwe ndani ya kisanduku.

1 Machi

Kikao cha kwanza cha kusoma, washauri kumi na mmoja, chini ya mwembe. Saa mbili zikawa nne.

"Komeo" limesimama. "Bobini" pia. "Kikundi cha methili" wamekitamka wakacheka kidogo, kisha wakakizoea. Mhudumu mmoja Mrundi alituambia kwamba kwa Kinyarwanda watu husema ihahamuka, ambayo imo pumzi ndani yake, pumzi inayokatika. Kiwewe chetu cha Kiswahili ni cha akili iliyopigwa butwaa. Alisema panya anayeganda kizimbani, bila kupumua vizuri, anamkumbusha neno hilo zaidi kuliko letu. Nimeliingiza kwenye utangulizi.

Pigo lilikuwa jalada. Nilikuwa nimeweka methali: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Muuguzi mmoja mtu mzima, aliyekaa kimya tangu mwanzo, akanyoosha mkono. "Mwalimu, ukurasa wa tisa unasema mama alinyimwa malazi. Jalada linamwambia ni yeye. Lipi tuliamini?" Sikuwa na la kusema. Jalada limebadilishwa: mchoro wa kiota kikubwa cha nyasi, hakuna maneno mengine ila jina.

6 Machi

Dawa. Kila aliyesoma ameuliza, na haki yao.

Panya wakubwa wa Montreal, waliolambwa kidogo utotoni, walidungwa ubongoni kemikali iitwayo trikostatini A, inayozuia asetili kubanduliwa. Komeo likalegea, vipokezi vikaongezeka, homoni ikashuka kwa wakati. Alabama walitumia zebularini, inayozuia methili kubandikwa, kwa siku 7, na Bdnf ikasomeka tena. Wote walikuwa watu wazima, kwa kipimo cha panya. Hizi si dawa za kumpa mtu kwa kiwewe; zinagusa milango maelfu kwa pamoja. Zimo kwenye kijitabu kwa sababu moja, zinaonyesha kwamba komeo husogea hata ukubwani.

Kundi la Montreal lilionyesha pia kinyume chake: methionini, asidi ya amino iliyomo kwenye vyakula vya kawaida, ikidungwa ubongoni ilifunga komeo kwa panya waliolambwa vizuri. Tumeiondoa. Dada aliona mbali, kesho yake mtu angewanyima watoto mayai.

Iliyobaki na kupanuliwa ni ya Johannes Gräff na Li-Huei Tsai, chuo cha MIT, Marekani, 2014. Hofu ya jana kwa panya wa aina ndogo inafifia akirudishwa pale pa shoti mara kwa mara bila shoti. Hofu ya mwezi mmoja haififii kwa njia hiyo. Lakini walipoiamsha kumbukumbu hiyo kongwe, wakatoa dawa inayozuia HDAC2, kimeng'enya kimojawapo cha kubandua asetili, kisha wakafanya mazoezi yaleyale, hofu ikapungua na kukaa chini. Dada aliisoma mara mbili. Kazi yake yote ni kuiamsha kumbukumbu ya zamani mahali penye usalama, kidogo kidogo, na anajua kwa mikono yake kuwa ya miaka ishirini ni ngumu kuliko ya juzi. Aliniuliza kama anaruhusiwa kuwaambia wenzake kwamba ugumu huo una sura yake ndani ya seli, si uzembe wa mgonjwa wala wake. Nikamwambia kwa panya, ndiyo. Akaandika "kwa panya" kwa mkono wake.

11 Machi

Kurasa 32 zimejaa. Zimebaki michoro miwili na uhakiki wa tahajia.

Jana dada alimsomea yule mama wa Kongo ukurasa wa tisa na kile kisanduku cha Goma. Mtoto alikuwa amelala mapajani. Mama alisikiliza hadi mwisho, kuhusu laana hakuuliza tena. Aliuliza jambo moja: yule panya wa kwenye wavu, baadaye walimpa malazi?

Dada alinipigia palepale. Ndiyo, siku ya kumi hurudishwa kwenye kizimba cha kawaida, na malazi ya kutosha. Rasimu yangu ilikuwa haijasema. Nimeiongeza leo asubuhi, mstari wa mwisho wa ukurasa wa tisa.